Vivuli vya Mwezi wa Saba

Nikiwa msichana nilikuwa na kipaji kimoja tu, nacho kilikuwa kibaya. Nilijua kuiga mwendo wa watu. Ukipita mbele ya mlango wetu mara mbili, mara ya tatu nimeshakushika: namna unavyotupa mguu, bega lililolegea, shingo unavyoitanguliza kama unanusa kitu. Nilianza shuleni kwa kuwaiga walimu. Nilipofika miaka ishirini na mbili, nikiwa karani wa ukumbi wa jamii mtaani kwetu, bado nilikuwa nafanya vile vile, ila sasa watazamaji walikuwa wengi zaidi. Jioni wanawake wakiwa kwenye foleni ya bomba la maji, lazima mmoja angeniita. "Hebu tuonyeshe mzee wa kanisa." Naweka ndoo chini, natembea hatua kumi, na foleni nzima inashika mbavu.

Tulikaa Eastlands, katika zile nyumba za mstari, chumba kimoja kwa kila familia, nusu saa kwa miguu kutoka soko la Gikomba. Baba alikuwa dereva wa lori na mara nyingi hakuwepo. Mama alishona sare za shule. Pale mtaani kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika lakini kila mtu aliijua: usionyeshe mahali panapokuuma. Ukipaonyesha, watu watapakanyaga, kisha watakuuliza mbona hucheki. Niliwacheka wengi kabla hawajanicheka, na nilidhani huo ndio werevu.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini alikuja mwalimu wa Kizungu kufundisha uchoraji pale ukumbini. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye Kiswahili cha kitabuni. Hakuwa mtu mbaya. Mwezi wa saba ulipoingia na ile baridi yetu ya mawingu, watu wakaanza kujifungia ndani na majiko yao saa kumi na mbili, akaniambia jambo.

"Kwetu, wakati wa baridi, jua huzama saa kumi. Watu hukaa ndani kama wafungwa. Basi tunaweka taa nje, barabarani, taa zenye picha. Watu hutoka, wanatazama, wanaonana. Hapa pia tunaweza."

"Picha za nini?" nikamuuliza.

"Za watu wenyewe. Watu wa mtaa."

Alikuwa ameshafikiria kila kitu. Tungetengeneza fremu kumi za mbao, kila moja kubwa kama mlango, tuziwambe kitambaa cheupe. Nyuma ya kitambaa tungepigilia sura ya mtu iliyokatwa kwa plaiwudi, na nyuma yake tuweke taa. Anayepita mbele angeona mtu mweusi amesimama ndani ya mwanga. Fremu zingepangwa kutoka mlango wa ukumbi, kuvuka uwanja, hadi karibu na bomba la maji.

Wa kukata alipatikana upesi. Mstari wa tatu kutoka kwetu alikaa mchongaji kutoka Ukambani, mwanamume mpole mwenye mke na watoto kijijini, aliyechonga twiga na vifaru vya kuwauzia watalii. Tulimwita fundi tu. Tatizo ni kwamba fundi hakuwajua watu. Alitoka asubuhi, akarudi jioni, Jumapili alikuwa kanisani. "Mimi najua wanyama," alimwambia mwalimu. "Watu sijawatazama sana."

Ndipo nikasema, "Mimi nitamwonyesha."

Kwa wiki mbili, baada ya kazi, tulifunga milango ya ukumbi. Fundi aliwasha taa ya meza, akaegemeza plaiwudi ukutani, mimi nikasimama katikati. Nilimwiga mtu, kivuli changu kikaanguka kwenye ubao, na fundi akakifuata kwa penseli kabla sijachoka. Nilimfanya mzee wa kanisa aliyetembea kama anabeba sinia kichwani. Nilimfanya mlinzi wa shule aliyelala amesimama. Nilimfanya mwanamume mmoja wa kiwanda cha sabuni ambaye mashine ilimvunja nyonga, akawa anaruka kidogo kila hatua. Mwalimu alipiga makofi. Fundi, ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akicheka, alicheka hadi akaweka penseli chini.

Sura ya kumi ilipofika, nilichukua leso ya mama nikaifunga mgongoni, kama mtu anayebeba mtoto, ila hakukuwa na mtoto. Nikainama kidogo. Nikapeleka mkono wa kulia nyuma, nikawa napigapiga leso ile tupu, polepole, kama unamtuliza mtoto aliyeanza kulia.

Fundi aliacha kucheka.

Alimjua. Hata yeye, asiyejua watu, alimjua huyo. Alikuwa mama kijana kutoka magharibi, mke wa kibarua wa kupakia magunia Industrial Area. Walikaa karibu na bomba. Mwaka uliotangulia alizaa mtoto wa kiume, wa kwanza, na alipotimiza miezi saba surua ikamchukua. Walimzika nyumbani kwao, wakarudi. Tangu siku hiyo aliendelea kufunga leso mgongoni. Alienda nayo sokoni, alienda nayo bombani, akipigapiga. Mwanzoni watu walimwonea huruma. Wanawake walimpelekea unga, walikaa naye. Halafu miezi ikapita na huruma ikawachosha, wakaanza kumkasirikia, kana kwamba anafanya kusudi. Mwisho wakampa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Jina hilo lilitoka kwangu.

"Huyu tumwache," fundi alisema.

"Kwa nini? Wote tumewafanya."

"Huyu si wa kuchezea, dada."

"Ni utani tu, fundi. Hata yeye hatajua."

Fundi alimtazama mwalimu. Mwalimu hakuwa anamjua mama yule wala habari zake. Aliona kivuli tu, na kivuli kilimpendeza. "Hii ni nzuri kuliko zote," alisema. "Ina kitu. Ni nani?"

"Ni mama tu," nikajibu. "Mama wa hapa."

Fundi akaokota penseli yake. Alichora bila kuniangalia.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Mawingu yalikuwa chini tangu asubuhi, na jioni kukawa na manyunyu mepesi yasiyolowesha ila yanaingia mifupani. Saa moja mwalimu alibonyeza swichi ya ukumbini. Fremu saba zikawaka kwa wakati mmoja, kwa stima. Waya haukufika kwa tatu za mwisho, kwa hivyo fundi aliziwekea karabai za mafuta ya taa, kila moja juu ya stuli, hatua moja nyuma ya plaiwudi. Sikutegemea kwamba ingependeza. Uwanja wetu ulikuwa wa vumbi na makopo, na ghafla ulikuwa na milango kumi ya mwanga, na katika kila mlango amesimama mtu tunayemjua.

Mtaa wote ulitoka. Watu walivaa kila walichokuwa nacho, makoti ya mitumba yenye mabega mapana, masweta mawili mawili, mablanketi. Mwalimu alikuwa amealika wageni wake wanane au tisa kutoka mjini, waliosimama pembeni na vikombe vya chai. Watu wetu walipita wakiwatambua kwa kelele waliochongwa.

"Cheki mlinzi! Amelala hata hapa!"

"Huyu si mzee wa kanisa? Mungu wangu, sinia yake iko wapi?"

Yule wa kiwanda cha sabuni alijikuta mbele ya fremu yake. Alicheka kwanza, kwa sauti, kama kila mtu. Nilimwona akiendelea kucheka huku mkono ukishika nyonga, kisha kicheko kikamwishia, akabaki ametazama. Mkewe akamvuta mkono wakaenda nyumbani. Niliona hayo yote vizuri kabisa. Sikuyajali. Watu walikuwa wananipongeza.

Nilikuwa nimesimama karibu na fremu ya mwisho, leso ya mama mabegani kwa ajili ya baridi. Watu walipofika pale walinyamaza kidogo, wakatazamana. Nadhani kama wangeachwa wangepita kimya na kurudi majumbani. Lakini kijana mmoja akasema kwa sauti lile jina la utani. Mwingine akaguna, na mwanamke mmoja wa foleni ya maji akanigeukia.

"Ni wewe ulimfanya huyu! Hebu tuonyeshe."

"Tuonyeshe!" wakaitikia wengine.

Ningeweza kusema hapana. Nilishusha leso mabegani nikaifunga mgongoni. Nikatembea mbele ya ule mwanga, nimeinama, napigapiga. Walicheka. Kicheko kile kilinipasha joto, sitadanganya. Nikaongeza kitu ambacho sikuwa nimekifanya ukumbini: nikageuza shingo, nikanong'ona nyuma ya bega langu, "Nyamaza, baba, nyamaza." Nilikuwa nimemsikia akisema hivyo bombani. Wakacheka zaidi, wengine wakiziba midomo.

Kisha kicheko kikaanza kufa kutokea nyuma. Kilikufa mstari kwa mstari, hadi nikawa nasikia sauti ya karabai peke yake. Nikageuka.

Alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwangu, ndoo mkononi, leso yake mgongoni. Alikuwa amekuja kuteka maji. Hakunitazama hata kidogo. Alikuwa akitazama fremu.

Aliweka ndoo chini, akaisogelea, akaitazama juu hadi chini. "Huyu ni mimi," alisema.

Fundi alisogea mbele, kofia mkononi.

"Fundi, ni wewe uliyenikata?"

"Ni mimi, mama."

"Umenikata vizuri." Akagusa kitambaa mahali pa mgongo. "Lakini mtoto umemsahau. Mbona hukumweka mtoto?"

Mtu mmoja katikati ya watu alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kushtuka pengine, lakini wote tulikisikia.

"Nitamweka, mama," fundi alisema. "Kesho asubuhi nitamweka."

"Kesho mbali. Kuna baridi."

Akapita kando ya fremu akaingia nyuma. Sasa tuliona kivuli chake kwenye kitambaa, kikubwa kuliko sura ya plaiwudi kwa kuwa alikuwa karibu na taa. Tuliona akifungua leso yake. Akaikunja, akaikunja tena, akafanya furushi, akalikumbatia kidogo. Halafu akaliweka kwenye mgongo wa ile sura na kulifunga kwa ncha za leso, taratibu, akihakikisha limeshika. Alipotoka mbele ya taa, kwenye mwanga pakawa na mama mwenye mtoto mgongoni.

Wageni wa mwalimu walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Na watu wetu wengine, Mungu atusamehe, walipiga makofi pia kwa kuwa wageni walipiga.

Alirudi nyuma hatua moja ili aone kazi yake. Kisigino kikagonga stuli. Karabai ikaanguka, kioo kikapasuka, mafuta yakaruka. Ncha ya leso iliyoning'inia ilishika moto kabla hatujajua kinachotokea, na moto ukapanda hadi kwenye furushi.

Angeweza kukimbia. Alikuwa na nafasi ya kutosha. Badala yake aliingiza mikono yote miwili motoni kumtoa mtoto.

Tuliona yote kwenye kitambaa hadi kitambaa chenyewe kilipowaka. Alilivuta lile furushi akalikumbatia kifuani, na ni fundi aliyeiangusha fremu, akaruka, akamnyang'anya lile furushi, akamfunika kwa koti lake na kumlaza chini kwenye udongo wenye unyevu. Mama yule alikuwa akipiga kelele ambazo sitajaribu kuzieleza. Wanawake walikimbia na maji, yale yale ya ndoo yake. Mimi nilisimama palepale. Leso ilikuwa bado mgongoni mwangu na mkono wangu wa kulia ulikuwa bado nyuma. Mama yangu ndiye aliyenifikia, akanifungua leso ile kama mtu anayemvua mtoto nguo, na kunipiga kofi mbele ya kila mtu. Lilikuwa kofi la kwanza tangu nilipokuwa mdogo.

Walimpeleka hospitali usiku huo, akarudi baada ya siku nne, mikono yote miwili imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Kifua kilikuwa kimeungua kidogo tu, kwa sababu ya sweta. Mama alipika uji, akamimina kwenye chupa ya chai na kuiweka mbele yangu.

"Peleka."

"Mama, siwezi."

"Utapeleka, na utamnywesha. Mikono yake haifanyi kazi. Mumewe yuko kwenye magunia."

Nilibisha hodi. Alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani. Chumba kilikuwa safi sana. Nilimpa pole, naye akatazama chupa. Nilimimina uji kwenye kikombe, nikapuliza, nikakisogeza mdomoni mwake. Alikunywa wote. Nilimpangusa kidevu. Nikawa nafunga chupa ili niondoke.

"Fanya tena," alisema.

"Niongeze uji?"

"Ile ya uwanjani. Nionyeshe ninavyotembea."

"Dada, tafadhali."

"Mtaa wote umeniona. Mimi sijajiona. Chukua leso, iko hapo kwenye kamba."

Sauti yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira ningejua la kufanya. Nilichukua leso nikaifunga. Nilifunga fundo mara tatu ndipo likashika. Chumba kilikuwa cha hatua tano, kwa hivyo nilienda ukutani na kurudi, nimeinama, napigapiga. Nilifanya vibaya, miguu ikiwa mizito.

"Hapana," alisema. "Kule hukufanya hivyo. Fanya sawasawa."

Nikafanya sawasawa. Nilienda na kurudi, nikaenda na kurudi, naye ananitazama bila kupepesa macho. Machozi yalikuwa yananishuka na sikuruhusiwa kuyapangusa, maana mkono mmoja ulikuwa mgongoni na mwingine ulishika fundo.

"Na yale maneno," akasema. "Umeyasahau?"

"Nyamaza, baba," nikasema. "Nyamaza."

Alivuta pumzi ndefu. Akatazama mahali penye leso, mgongoni kwangu, palipokuwa tambarare.

"Ni kweli," alisema. "Hamna kitu mle." Kisha: "Sasa toka. Na leso hiyo nenda nayo. Siitaki."

Mwisho wa mwezi mumewe alimsindikiza kwao kwa basi. Walipita mbele ya ukumbi asubuhi, yeye ameinua mikono ile mbele yake kama anabeba kitu kisichoonekana. Niliwaona kupitia dirisha. Alitembea wima. Hakuna mtu mtaani ambaye angemtambua kwa mwendo huo.

Mwalimu alilia sana siku zile za kwanza, akaniuliza mara nyingi kwa nini sikumweleza. Nilimwambia kwamba sikujua. Baadaye alirudi kwao. Miezi michache ikapita ukumbi ukapokea bahasha yenye picha aliyoipiga mgeni mmoja: kitambaa cheupe, mama mweusi, furushi mgongoni. Barua ilisema picha hiyo ilitundikwa kwenye maonyesho huko kwao na watu walisimama mbele yake kwa muda mrefu. Mkubwa wangu aliibandika ukutani, karibu na meza yangu. Niliiondoa siku ile ile, nikasema imeanguka na kupotea.

Fundi alirudi kwa twiga zake. Kuna jioni nilimngoja njiani, nikamwambia kwamba sote wawili tulikosea.

"Mimi nilikata mbao," alisema. "Wewe ulikuwa unajua." Akapita. Hakunisalimu tena, na mtu wa kwao kukataa salamu si jambo dogo.

Ningependa kuandika kwamba niliacha kuiga watu. Sikuacha, si mara moja. Mwezi wa tisa, kwenye harusi moja mtaa wa Jericho, walinisukuma katikati nikamwiga shangazi wa bwana harusi, na watu wakacheka, nami nikasikia ile raha yangu ya zamani. Kilichoniachisha ni kitu kidogo tu. Mwaka uliofuata niliolewa, nikapata mimba, na kila nilipojaribu kumwiga mtu tumbo lilinizuia. Baadaye sikurudia.

Mume wa yule mama nilimwona tena mara moja tu, miaka miwili baadaye, alipokuja kuchukua vitu vyake vya mwisho. Nilimsimamisha pale mlangoni kwake, nikamuuliza habari za mikono ya mkewe.

"Imepona. Vidole viwili vya kushoto havikunjiki. Analima nayo hivyo hivyo."

"Na ile... leso?"

"Hafungi tena." Akabeba sufuria kwapani. "Hata tulipopata mtoto mwingine, msichana, hakutaka kumbeba mgongoni. Humbeba mbele."

"Nisaidie kumwambia pole."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mimi ni nani.

"Mwambie mwenyewe," alisema. Akanieleza kituo cha kushukia, na kanisa la kuulizia. Basi lilikuwa linaondoka Machakos Airport, kama tulivyokiita kituo cha mabasi ya mashambani, kila Jumamosi saa moja asubuhi. Nilikaa mtaani pale miaka mingine sita, na sikulipanda.